Wiki ya Kutembezwa na Mwenyeji

Nilipowaacha, ndege ilikuwa inashuka na mume wangu ameng'ang'ania mkono wa kiti, macho kayafumba, midomo inacheza bila sauti. Huyo ndiye mtu aliyetuambia kwamba kwake kupanda ndege ni kama kupanda ngazi ya nyumbani.

Kwa aliyenikuta leo tu, nitasema kwa kifupi. Mimi ni msusi. Shule niliiachia darasa la tano, mama alipofariki, ili nisaidie kumlea mdogo wangu. Ni mtu wa aibu. Mteja akinikanyaga, mimi ndiye ninayeomba radhi.

Nimeolewa na mwanamume ambaye sifa yake ilikuwa moja tu: aliwahi kukaa ng'ambo, katika jiji kubwa la pwani. Alikuwa anafanya nini huko, hakuna aliyeuliza. Alikuwa akisema "mimi kule ni mwenyeji", basi mtaa mzima ukamwita Mwenyeji. Shangazi yangu aliyetulea alilipenda hilo jina kuliko alivyompenda mwenye jina.

Kisha Mwenyeji akaja na habari. Katika jiji lake kuna mama mmoja anaitwa Madamu, ana nyumba kubwa na bustani, anatafuta msichana wa kukaa na watoto wake mchana. Jioni atamsomesha huyo msichana uuguzi, tena uuguzi wa maana. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kupata nafasi katika chuo cha uuguzi cha kwetu. Mwenyeji akasema aiache hiyo nafasi, ni ya kitoto.

Shangazi akawa na akili kidogo. Akasema dada mtu aende kwanza akaione nyumba.

"Wewe ndiye jicho letu," aliniambia. "Ukisema ndiyo, mdogo wako anaondoka. Ukisema hapana, anakwenda chuo chake na habari imekwisha."

Kwa hiyo wiki yetu ya kutembea ng'ambo haikuwa fungate. Nilitumwa. Nyumbani walikuwa wananingoja niseme neno moja, na mimi neno lenyewe la hapana nalijua kwa kulisikia kwa watu wengine.

Sasa tuendelee.

Tulitoka uwanja wa ndege, Mwenyeji akavaa miwani ya jua na kofia, akashika njia kwa kifua mbele. Tulitembea mpaka tukafika kwenye uzio wa waya. Nyuma ya uzio kulikuwa na ndege nyingine zimelala.

"Wamebadilisha," akasema.

Lizoeeni hilo neno, maana nililisikia wiki nzima.

Hoteli ilikuwa ndefu, ya vioo. Nilijua tutapanda juu. Hatukupanda. Tulipewa chumba cha chini kabisa, mwisho wa korido. Mwenyeji alikuwa ameniahidi dirisha la kuangalia bahari. Nikafungua pazia nikaona ukuta, na kwenye ukuta bomba linalotoa mvuke.

"Bahari iko nyuma ya huo ukuta," akasema.

"Sawa," nikasema. Si mnajua nilivyo.

Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa wa moto, tena unanguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa. Mwenyeji akasema ndiyo starehe za huku, kuta zinapashwa moto. Nje watu walikuwa wanatembea na feni za mkononi kwa joto.

Asubuhi niliamka nikamkuta anatandika kitanda. Mwanamume huyu nyumbani akivua shati huliacha hapo hapo lilipoangukia! Huku anapiga shuka hewani mara moja tu, linatua limenyooka, anakunja pembe zake kama bahasha, anasukumia chini ya godoro. Taulo akazipanga zikawa kama zimepigwa rula.

"Lakini si kuna wahudumu?" nikauliza.

"Hawajui kazi," akajibu, kisha akashtuka, akaacha taulo ya mwisho vilevile ilivyokuwa.

Nikajisemea, kumbe nimeolewa na bwana mwenye mikono, ila mikono yake inahitaji pasipoti ndipo ifanye kazi.

Tukaanza kutembea. Alinipeleka kwanza kwenye mnara wa taa ya meli, ule unaoonekana kwenye kila picha ya jiji hilo. Njiani alisema Jumapili zote alikuwa anapanda pale kupunga upepo. Tulipofika, akausukuma mlango. Haukufunguka. Akausukuma kwa bega. Akausukuma kwa mgongo. Akaja bibi mmoja mzee na fimbo yake, akauvuta kwa vidole viwili, akaingia.

"Wamebadilisha," akasema Mwenyeji.

Ule mnara una kutu mpaka kwenye bawaba. Mlango ule haujaguswa na fundi tangu babu zetu wanatambaa.

Tukatoka hapo tukaenda kuona ikulu. Tulisimama mbele ya ikulu, akanipiga picha, akaniambia nisimame wima maana ndani kuna wakubwa. Likapita kundi la wanafunzi wadogo na mwalimu wao, wakaingia ikulu wanaruka ruka. Juu ya mlango, nilipoinua macho, kulikuwa na samaki mkubwa wa bati.

"Hii si ikulu," nikasema polepole. "Hapa ni jumba la kuonyesha samaki."

"Nani kakwambia?"

"Samaki."

Akaukunja uso. "Wewe darasa la tano unanifundisha mji wangu?"

Nikanyamaza. Lakini mjue, ndani ya moyo nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu. Nilimwangalia na ile miwani yake nikaona mtu aliyepotea kuliko mimi, tofauti yetu ni kwamba mimi nimenyamaza.

Tulizunguka bandarini kwa boti ya watalii, naye akatapikia kofia yake mwenyewe. Tulikwenda kwenye soko la maua, tukatokea kituo cha polisi. Alinionyesha daraja alilosema alilivuka siku linazinduliwa, na chini yake kulikuwa na sanamu ya aliyelijenga, amevaa nguo za enzi za kupanda farasi.

Na kila nilipomwuliza, "Nyumba ya Madamu lini?" alijibu, "Kesho, mke wangu. Leo Madamu ana wageni."

Siku ya pili Madamu alikuwa na wageni. Siku ya tatu Madamu alikuwa anaumwa jino. Siku ya nne Madamu alikuwa amesafiri. Mwanamke gani huyo, nikawaza, anang'olewa jino leo, kesho yuko safarini.

Shangazi alikuwa anapiga simu kila jioni. Alikuwa anapiga kwa simu ya Mwenyeji, maana ya kwangu ilikuwa haishiki mtandao wa huko, na Mwenyeji alisema kuishughulikia ni kazi kubwa.

"Mwanangu, umeiona nyumba?"

Mwenyeji alikuwa anasimama karibu mpaka naisikia harufu ya dawa ya mswaki mdomoni mwake.

"Bado, Shangazi."

"Picha nimeziona! Lile jumba lenye samaki juu ndilo la Madamu?"

Kabla sijafungua mdomo, Mwenyeji alikuwa amekwisha kuichukua simu. "Shangazi, mtandao unakata! Shikamoo! Shikamoo!" Akazima.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Huyu mtu, nikasema, hajawahi kufika hapa hata kwa ndoto. Madamu hayupo, nyumba haipo. Aliliona hili jiji kwenye kalenda ya ukutani, akajifanya mwenyeji wa kalenda.

Na kama ni hivyo, mdogo wangu analetwa wapi?

Siku ya tano alivaa viatu, akasema leo tunakwenda kuona jiwe ambalo wavumbuzi wa zamani walilikalia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi la mapokezi, katikati ya watu na mabegi yao.

"Twende," akasema.

"Siendi."

Niliisikia sauti yangu nikageuka nione ni nani aliyesema.

"Unasemaje?"

"Siendi kuangalia jiwe. Nipeleke kwa Madamu. Kama hakuna Madamu, nitakaa hapa hapa mpaka hili kochi lifutike rangi."

"Punguza sauti."

"Sijapandisha." Na kweli nilikuwa nanong'ona. Mimi nikikasirika nanong'ona. Lakini watu walikuwa wameanza kutazama, na yule dada wa mapokezi aliinua shingo akamtazama mume wangu, siyo mimi. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

Mwenyeji akashusha kofia mpaka puani.

"Haya inuka," akasema. "Inuka nikupeleke. Ila ukifika usiulize maswali."

Nikadhani tutatoka nje tutafute gari. Hatukutoka. Alinishika mkono tukapita nyuma ya mapokezi, akafungua mlango wa kijivu usio na maandishi. Aliuvuta, haukumsumbua. Tukashuka ngazi za saruji.

Chini kulikuwa na giza. Mwenyeji akapeleka mkono nyuma ya kabati moja la chuma, bila hata kuangalia, taa zikawaka.

Nikasimama.

Akaenda mbele. Kulia. Kushoto. Akainamisha kichwa, na mimi nilipofika pale nikagonga paji la uso kwenye bomba. Yeye alikuwa ameinama kabla bomba halijaonekana. Mtu aliyepotea wiki nzima juani, huku chini alikuwa anatembea kama treni kwenye reli.

Niliyafuta yale mawazo yangu ya kalenda. Huyu alikuwa hapa. Alikuwa hapa miaka mingi, ila hakuwahi kuwa kule juu.

Akasukuma mlango wa mwisho, joto likanipiga usoni kama mfuniko wa sufuria umefunuliwa.

Ilikuwa dobi la hoteli. Mashine za kufulia zimepangwa ukuta mzima, zimeachama midomo ya duara, zinanguruma. Nikaujua ule mngurumo: ndio uliokuwa unanilaza kila usiku. Mikokoteni imejaa mashuka mpaka juu. Katikati kulikuwa na pasi ya kuviringisha, kubwa kama gogo, wanawake wawili wanaingiza shuka upande huu na wengine wawili wanalipokea upande wa pili, hawasemi, wanatoka jasho tu.

"Mashuka!" mtu akapiga kelele. "Jamani, Mashuka karudi!"

Wale wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akampigia mume wangu saluti kwa soksi ya mgeni.

Aliyepiga kelele alikuwa mama wa makamo, mnene, taulo shingoni, anaongea Kiswahili kizuri kama amefika jana. Wote walikuwa wanamwita Bibi Pasi. Ndiye msimamizi.

"Una miwani ya jua huku chini ya ardhi, Mashuka? Unaogopa taa itakuunguza?"

Mwenyeji akaivua. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Wiki nzima umelala chumba nilichokuombea kwa meneja, hata kuja kunisalimia! Nasikia unapita mapokezi umefunika uso kama bibi harusi."

Mie nikatazama chini. Ndiyo kusema chumba chenye bahari nyuma ya ukuta kilikuwa cha kuombewa.

Bibi Pasi akanigeukia. "Huyu ndiye?"

"Ndiye," akasema Mwenyeji, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa.

"Karibu binti. Mumeo alikuwa fundi wa mashuka, sitamnyima haki yake. Kutandika, kukunja, kupiga pasi, hakuwa na mfano. Ila mjini hajui hata duka la mkate liko wapi. Alikuwa anaingia giza, anatoka giza, siku ya mapumziko analala. Nilimwambia, baba, toka ukaone hata bahari. Akasema ataiona akirudi kwao, kwenye picha."

Wale wanawake wakacheka tena. Mwenyeji naye akacheka, kicheko cha mtu anayetaka kuonekana yumo. Nilimtazama nikaona hata aibu imemkimbia.

"Mama," nikasema, "Madamu yuko wapi?"

"Madamu gani?"

"Mwenye nyumba na bustani. Anayetaka msichana wa kukaa na watoto, jioni anamsomesha uuguzi."

Bibi Pasi akamgeukia mume wangu. Mashine moja ikamaliza kazi ikalia.

"Mashuka. Umewaambia nini watu wa kwako?"

"Bibi, unajua nyumbani walivyo..."

"Mimi sijui nyumbani walivyo. Wewe ndiye unayewajua, ndiyo maana umewadanganya." Akanirudia mimi. "Sikiliza, mama. Hapa hatufungwi minyororo. Lakini tuna utaratibu wetu wa dobi. Anayetaka kuondoka kabla ya muda wake, alete mtu wa kuziba pengo lake, la sivyo wenzake wanabeba mzigo wake na kazi inawaua. Mumeo alipotaka kwenda kuoa aliniapia hapa, mbele ya hawa, ataleta ndugu. Ndivyo nilivyomtolea ruhusa."

"Na masomo ya jioni?"

"Jioni ndiyo mashuka yanashuka, binti. Jioni hapa hujui hata jina lako."

Nikamgeukia Mwenyeji. Alikuwa ameshika shuka kwenye mkokoteni, anakunja pembe. Alikuwa hajui hata kama anakunja.

"Ulitaka nikaseme ndiyo," nikanong'ona. "Niende nimwambie Shangazi nimeona bustani."

"Mke wangu, elewa. Ni kwa muda tu. Kazi ni halali, chakula kipo. Mimi nimekaa hapa, sasa mimi nimekufa?"

"Angeacha chuo."

"Chuo hakikimbii."

"Wewe umekimbia dobi, chuo kisikimbie?"

Mwanamke mmoja kwenye pasi akasema "Ee-he!" na Bibi Pasi akamnyamazisha kwa mkono.

"Mama," nikamwambia Bibi Pasi, "naomba simu yako. Ya kwake siitaki tena."

Akanipa bila kuuliza. Namba ya Shangazi naijua kichwani. Nikaibonyeza. Mwenyeji akanyanyua mkono anizuie. Bibi Pasi akavuta mkokoteni mmoja akauweka katikati yetu.

Simu ikaita, ikapokewa. Nyuma ya sauti ya Shangazi kulikuwa na kelele nyingi za watu.

"Haloo! Nani mwenzangu?"

"Shangazi, ni mimi. Nimeiona." Nikavuta pumzi. "Jibu langu ni hapana. Hapana, Shangazi. Hapana kabisa. Hakuna Madamu wala bustani. Ni dobi la hoteli. Asije."

Nilivyolisema mara ya kwanza likawa tamu, nikalirudia. Sikuwa najua lina ladha.

Shangazi akawaambia walio karibu wapunguze kelele.

"Hapana ya nini tena, mwanangu? Mumeo alishatupa jibu lako. Alipiga jana usiku, akasema umeiona nyumba, umefurahi, ila una kazi nyingi za kutembea huwezi kupiga. Hapa tuko uwanja wa ndege. Mdogo wako ameshakabidhi begi."

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Mpe simu," nikasema. "Shangazi, mpe simu mdogo wangu sasa hivi!"

"Usiniamrishe, mimi nimekulea!" Lakini akampa.

"Dada!" Sauti yake ilikuwa imechangamka, ya mtu aliyevaa nguo mpya. "Kumbe umepata simu!"

"Nisikilize vizuri. Toka hapo. Nenda kachukue begi lako. Ni dobi, mdogo wangu. Kufua mashuka ya watu mchana na jioni. Hakuna shule."

"Najua, dada."

Nikaitazama ile simu.

"Unajua nini?"

"Shemeji aliniambia tangu mwanzo. Alisema tusimwambie Shangazi, atakataa." Akashusha sauti. "Dada, usijisikie vibaya. Uliacha shule ili mimi nisome, wewe ukabaki na vichwa vya watu. Chuo nitakwenda hata mwaka mwingine. Aliponiambia umelia, umesema peke yako huko huwezi, niliamua siku ileile."

"Nimelia wapi? Peke yangu wapi?"

"Huko. Si ndiyo unabaki?" Kelele za watu zikaongezeka, mtu akawa anatangaza kitu. "Shemeji alisema ruhusa yake ilikuwa ya kuleta watu wawili. Wewe wa kwanza, mimi wa pili, ili mtu asiwe mpweke. Yeye anarudi kuangalia nyumba. Dada? Mbona hivyo? Kwani si wewe uliyeomba?"

"Usipande!" nikapiga kelele. Mara ya kwanza maishani mwangu nimepiga kelele, na mashine zote zikaanza kuzunguka kwa pamoja. "Unanisikia? Usipande!"

"Dada, sikusikii. Wanatuita. Usilie tena, eh? Nakuja."

Simu ikakata.

Nikageuka kumtafuta mume wangu, maana pasipoti zote mbili anazo yeye. Nyuma ya mkokoteni hapakuwa na mtu. Kulikuwa na shuka moja tu, limekunjwa vizuri.

Kitu kikanigusa mabegani. Alikuwa Bibi Pasi, amenisogelea kwa nyuma na ovaroli ya buluu, ananipimia.

"Usitikisike," akasema.

Ilinitosha.